Tarakimu Tisa za Bati

Saa sita mteja angekuja kuchukua tarakimu za bati, moja hadi tisa, nilizomkatia kwa ajili ya milango ya vyumba vyake. Tangu juzi nilikuwa nikizipanga mezani nikitafuta namba moja ya tarakimu zote tisa: mbili za mwanzo zigawanyike kwa mbili, tatu za mwanzo kwa tatu, hivyo hivyo mpaka zote tisa kwa tisa, bila kubakisha kitu. Kila mara nilikwama kwenye saba.

"Baba watoto, namba hiyo haipo," mke wangu alicheka. "Unamkamua jogoo maziwa."

Saa sita kasorobo nikapanga 3816547. Nikagawa kwa saba. Naye akagawa kwa chaki mlangoni. Sote tukapata 545221 kamili.

Kicheko kikamkauka. Tukaweka mbili mwishoni, tukagawa kwa nane, ikakubali. Tisa ikabaki peke yake, nayo ikakubali: 381654729.

"Nani aliipanga hivi?" alinong'ona.

"Sijui. Nadhani ilikuwepo kabla hata ya bati."

Mteja akapiga hodi. Mke wangu akasimama mbele ya meza.

"Shemeji, karibu, lakini usiguse kitu. Njoo kwanza usome."