Ndizi za Mwaka Themanini na Tatu

Bi Drahomíra aliuza matunda na mboga katika duka la serikali pale mjini miaka kumi na tisa, mpaka ukomunisti ulipoanguka na duka nalo likafungwa. Kwa hiyo watu wa filamu walipokuja kupiga picha za foleni ya ndizi ya enzi zile zilipokuwa adimu, wakampanga kwenye foleni pamoja na wastaafu wenzake, hakufurahi. Yeye na foleni wapi na wapi? Mahali pake palikuwa nyuma ya kaunta.

Nyuma ya kaunta sasa alisimama mwigizaji mrembo kutoka mji mkuu, Praha. "Samahani sana," binti akasema, "ndizi zimekwisha."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mwanangu," Bi Drahomíra akamwambia, "ukishaomba samahani tu, watajua unazo."

Mwongozaji, Kryštof, aliyezaliwa baada ya mambo hayo yote, akamwomba amwonyeshe binti inavyokuwa, huku kamera ikipiga. Bi Drahomíra akazunguka kaunta, akajifunga aproni, akaanza kukagua kucha zake.

"Zimekwisha. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Bi Libuše, jirani yake wa ghorofa ya juu. Shingo ilimwiva kwa hasira.

"Mwongo mkubwa wewe. Zilikuwepo. Desemba ya themanini na tatu, mwanangu ana tetekuwanga, nimesimama kwenye theluji masaa matatu, ukanijibu hivyo hivyo. Halafu mke wa katibu wa chama akatokea mlango wa nyuma na kapu limefunikwa."

Kryštof akamwashiria mpiga picha asizime kamera.

"Zilikuwa kilo nane," Bi Drahomíra akasema polepole. "Nne za mke wa katibu. Mbili za daktari wa meno."

"Na mbili nyingine?"

"Nilizila mwenyewe stoo, nimesimama. Tumbo likanisokota siku mbili."

Bi Libuše akamkazia macho. "Mbili tu?"

"Na nusu."

Bi Libuše akacheka mpaka akatafuta leso.

Kryštof alikuwa karibu kulia kwa furaha, lakini mpiga picha akamwonyesha: nje ya dirisha, katikati ya ugomvi, alipita mpeleka pizza na boksi la rangi ya waridi mgongoni. Ikabidi warudie.

Wakarudia mara tatu. Hasira za miaka arobaini zilikuwa zimeshamtoka Bi Libuše. Alisema "mwongo mkubwa wewe" kama anayembembeleza mjukuu, na mara ya tatu akaulizia na hali ya magoti ya mwenzake. Kryštof akaketi juu ya kreti, kichwa mikononi.

Bi Drahomíra akamhurumia. Na kusema kweli, uigizaji ulikuwa umeshamkolea. Kamera ilipowashwa tena, aliinama juu ya kaunta akanong'ona:

"Libuše. Machungwa ya Krismasi nayo yalikuwepo. Kila mwaka."

Bi Libuše akaokota kabichi iliyokuwa karibu.

Kabichi ile imo kwenye filamu, inatua begani kwa Bi Drahomíra, na wajuzi wa Praha wameisifu sana. Siku ya onyesho la kwanza mabibi wale wawili walipanda basi moja, wakakaa kiti kimoja, na hawakusemezana mpaka Praha.