Glavu za Mokua

Jumanne ile Mokua alianguka kwenye kituo cha kununulia majani chai, kikapu chake kikiwa bado kinaning'inia kwenye mzani. Waliomkimbiza hospitali walirudi na simu yake, kofia yake, na mfuko wa plastiki wenye glavu mbili zilizolowa umande. Mauti hayabishi hodi. Nyamoita, mkewe, aliupokea mfuko ule akauweka chini ya mto, na tangu siku hiyo mlango wa nyumba yao kule Manga ukawa unafunguliwa na mtu mmoja tu.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kugawa nguo za marehemu. Katika ukoo wao nguo huenda kwa ndugu; vyombo vya kazi hubaki kwa mjane. Nyakundi, mdogo wake Mokua, alipewa koti na suruali mbili zilizomwishia juu ya vifundo vya miguu. Kisha akauliza kwa upole, "Na zile glavu, shemeji?"

"Zile si nguo," Nyamoita alijibu upesi. "Ni za kuchumia chai. Ni kama jembe."

Shangazi Jemimah, aliyekuwa akikunja mashati, aliangua kicheko. "Jembe la kuvaa! Basi na soksi zangu ni ng'ombe, zipelekeni malishoni."

Watu walicheka, na katika kicheko kile neno la Nyamoita likapita. Nyakundi alifunga kifurushi chake.

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, Nyamoita aliingiza mikono ndani ya glavu zile. Zilimpwaya. Kidole gumba cha Mokua kilikuwa kimeacha umbo lake kwenye uzi.

Zilikuwa zimetoka China, jozi mbili za mfano: zimefumwa kwa uzi, kiganja kimepakwa mpira ili umande usigandishe vidole. Mokua alitaka kuwaagizia wakulima wote wa kikundi chao. Lakini Gibson, wakala wa forodha mjini Kisii, alimshauri aulize kwanza zitaingizwa katika fungu gani la ushuru, la vitu vya mpira au la nguo za kufumwa. Jozi moja ikaenda forodhani pamoja na barua. Nyingine Mokua akaivaa mwenyewe kuijaribu.

Jibu lilifika Agosti. Gibson alipiga simu.

"Mama, barua ya mzee imetoka. Nguo."

"Nguo?"

"Mimi nilibishana nao kwamba ni mpira, wakanishinda. Wanasema zimefumwa kwanza, mpira umepakwa juu tu. Katika kitabu chao cha ushuru ziko sura moja na sweta na soksi... Mama? Bado uko?"

"Niko," alisema Nyamoita.

Jumapili kikundi kilikutana. Wangeridhika kuambiwa tu kwamba mzigo unaweza kuagizwa. Hakuna aliyeomba kusomewa barua. Nyamoita alisimama akaisoma yote, na alipofika kwenye neno lile hakuliruka.

"Haya!" Jemimah akadakia. "Jembe limerudi kuwa soksi!"

Safari hii alicheka peke yake. Nyakundi alikuwa akitazama viatu vyake. "Waache hao wa forodha, shemeji," alisema. "Wao hawakumjua."

Lakini Nyamoita hakuwa amengoja forodha imwambie. Alijua kuwa ni nguo tangu siku ile ya mgao, neno jembe likiwa bado mdomoni, na Sabato tatu mfululizo alikuwa amekaa kanisani akishindwa kuimba.

Asubuhi iliyofuata alipita kwenye upenyo wa ua wa michongoma uliotenganisha boma lake na la Nyakundi, mfuko mkononi.

"Zijaribu," alimwambia shemeji yake.

Nyakundi alivaa moja, kisha ya pili. Vidole vilijaa hadi nchani. Akakunja ngumi, akakunjua, akakunja tena.

"Viatu vyake nilivyorithi nikienda shule," alisema, "vyote vilinipwaya."

Nyamoita alikunja mfuko mtupu akarudi alikotoka.

Mzigo wa kikundi umeshaagizwa na bado uko njiani. Kwa sasa Nyakundi huchuma chai ng'ambo ya ua akiwa na glavu zile, na Nyamoita huchuma upande wake, mikono mitupu.