Nati ya Nane

Mwanamke mmoja mrefu aliingia ghala la vipuri huko Ras Al Khor, katika nchi ya Waarabu, kutafuta kioo cha pembeni cha gari lake, akasahau alichofuata. Mbele yake vijana walikuwa wakirushiana maboksi ya vipuri kutoka kwenye lori. Msimamizi wao, Wilbard, Mtanzania mwenye mvi mbili tatu, alikuwa akiwatazama mikono.

"Apollo, kiwiko kimeshuka. Kaa."

"Sijachoka, mzee."

"Sijakuuliza wewe. Nimekiuliza kiwiko."

Kila maboksi kumi, Wilbard alihamisha nati moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Zikitimia nane, mtu anapokewa na mwenzake, akapumzike. Bega lake mwenyewe lilikufa akiwa na miaka kumi na tisa, Dar es Salaam, alipokuwa mrushaji wa besiboli na hakuna aliyemwambia akae.

"Hii hesabu nani alikufunza?" mgeni akauliza.

"Bega, madam."

Mgeni alikuwa Lynette, Mkenya, meneja wa timu ya besiboli ya kulipwa ambayo warushaji wake watatu walikuwa wameumia. Aliondoka bila kioo. Mwezi haukuisha, Wilbard akawa kocha wa warushaji, kwa sharti moja: Apollo, aliyewahi kurusha kwao Kampala, aje naye.

Nati sasa zikahesabu mipira, moja kwa kila mipira kumi, ikapita misimu miwili bila bega hata moja kuharibika, na timu iliyozoea kushika mkia ikafika fainali. Asubuhi ya siku hiyo, katika chumba chao cha kupanga mtaa wa Discovery Gardens, Apollo alisukuma kikombe cha chai kando.

"Kocha, leo nati ya nane ikihama nitakuomba uniache niendelee. Usinisikie. Niahidi."

"Nimekuahidi. Kunywa chai."

Na Apollo alirusha siku hiyo kama aliyezaliwa na mpira mkononi. Wapigaji walikuja na magongo yao wakarudi nayo, hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Timu ikaongoza tatu bila. Ilipobaki kumtoa mpigaji mmoja tu, ili Apollo aandike historia ambayo ligi haijawahi kuiona, mchezo mzima bila mpigaji kufika kituo, Wilbard alihamisha nati ya nane.

Alisimama. Lynette akamshika mkono.

"Wilbard, ni mmoja tu. Ukimtoa tukapoteza, khalas, Jumatatu usije."

"Nimesikia, madam."

Alitembea hadi kwenye kichuguu anaposimama mrushaji, katikati ya uwanja. Jukwaa zima likamzomea, Watanzania wenzake mbele ya wote.

"Kocha, mmoja," Apollo alisema, macho yamejaa machozi. "Nakuomba."

"Ulisema utaniomba."

Akanyoosha kiganja, akangoja. Mwishowe mpira ukatua humo, wa moto.

Nick, mrushaji wa akiba aliyeingia badala ya Apollo, alirusha mpira wa kwanza ukapigwa, ukaenda mbali, na wapinzani wakapata pointi moja. Historia ikafa hapo. Wilbard hakuinua macho mpaka uwanja ulipolipuka kwa shangwe: Nick alikuwa amemtoa mpigaji wa mwisho.

Kikombe cha ubingwa kilipita mikononi, Lynette akilia na kucheka, hadi kwa Apollo. Akaja nacho mbele ya kocha wake.

"Bado nimekukasirikia."

"Kasirika, mwanangu. Umekiinua kwa mkono gani?"

Apollo akatazama juu. Ulikuwa wa kulia, ule wa kurushia, umenyooka, wala hautetemeki.