Chakula cha Mapendo, Tumbo la Kituku

Habarurema mwenyewe anakubali kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Nani alimtuma kubeba mizani kwenda tribinali?

Alikuwa fundi cherehani wa Kituku, mshonaji wa abakosti, yale makoti ya kiume yasiyovaliwa tai, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime. Asubuhi hiyo alinyoosha kola yake, akaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza viazi, akamshika mkono binti yake Domitille, mwenye miaka saba, wakapanda kwenda mjini. Mama wa mtoto, Mukabalisa, aliyeachana naye miezi minane nyuma, alikuwa ameshitaki: anataka mtoto arudi kwake Mapendo au, ikishindikana, baba amlishe.

Kuhusu kulisha, mambo yalikuwa hivi. Tangu Domitille ahamie Kituku, hakuwa amekula hata tonge moja kwa baba yake. Saa sita ikifika aliketi mkekani, akangoja kidogo, akacheua maharagi, akasema ameshiba. Kule Mapendo, dakika ileile, Mukabalisa alikuwa anamaliza sahani yake ya maharagi. Alikula mara tatu, mara nne kwa siku, akazidi kukonda. Mtoto akazidi kunawiri. Majirani wa pande zote mbili walilijua jambo hilo. Domitille alipoharisha, mtu alitumwa Mapendo kuuliza mama amekula nini. Habarurema naye aliacha kupika kwa ajili ya watu wawili, kisha polepole akazoea kujisifu kwamba anajua kulea.

Mbele ya hakimu akajisifu tena. Akatundika mizani kwenye boriti, akamkalisha mtoto ndani ya kipande cha kitambaa cha abakosti. Kilo ishirini na mbili.

"Citoyen hakimu, angalia mutoto, halafu angalia mama yake. Mutu mwembamba kama uzi, atalisha nani?"

"Ninakula mimi, anashiba yeye," Mukabalisa akasema.

"Basi kula tuone!" Habarurema akamdakia.

Hapo ndipo ujinga ulipokomaa. Mukabalisa akafungua kifurushi chake, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akala viwili polepole. Mshale wa mizani ukasogea: nusu kilo zaidi. Domitille akasema ana kiu. Wakampa mama yake maji. Karani akaandika namba zote mbili, akauliza tu kama viazi vimeliwa na maganda.

"Bila maganda," Mukabalisa akajibu.

Akaandika hivyo.

Habarurema akainamisha kichwa. Alijua amejishitaki mwenyewe, tena kwa mizani ya kuazima. Hakimu akafuta miwani yake, akaivaa.

"Citoyen Habarurema alitoa ng'ombe wawili wa mahari kule Masisi, kwa wazazi wa mama, wakapokelewa. Kwa desturi, mutoto ni wa kwao baba. Ya pili: mutoto lazima apate chakula. Sisi wote tumeona anapata. Hakuna andiko linalosema kipite mdomo gani."

Muhuri ukapigwa, wakaitwa watu wa kesi ya mbuzi.

Nje, Domitille alikuwa amekamata kitenge cha mama yake. Mukabalisa akamfungua vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mboga, akauweka ule mkono ndani ya mkono wa baba. Habarurema, mizani begani, alikuwa amekwisha kupata tena uchangamfu wake.

"Usinune, mama Domitille. Kila mutu amepata yake. Mimi nina mutoto, wewe una kazi ya kula. Leo tafuta nyama kidogo, tangu juzi anaitamani."

"Nitaitafuta, papa Domitille. Wewe omba tu nisife, maana siku hiyo ndiyo utaanza kuwa baba."