Fimbo ya Kwanza

Fimbo ya kwanza aliipiga Mwalimu Veridiana mwenyewe. Hilo watu wa kijiji chao, upande wa Mkunya, wanalijua wote, hata wale ambao siku ile walikuwa mikoroshoni. Aliyepigwa ni Danieli, mdogo wake wa tumbo moja, na alipigwa akiwa amesimama juu ya mfuniko wa kisima cha mama yao.

Kule juu kwenye uwanda mto hakuna. Maji yako bondeni, na kuyafuata ni kuteremka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likianza kuchoma. Mashine ya kusukuma maji ikiharibika, na huharibika hasa inapohitajika, kinachobaki ni kisima cha nyumbani: shimo lililosakafiwa kwa saruji, linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, na juu yake mfuniko wa chuma wenye kufuli. Mwezi wa kumi mtu anaweza kusahau kufunga mlango wa nyumba akienda msibani, lakini kufuli la kisima hasahau.

Basi ilikuwa miaka ile ya soko huria, serikali imechoka kulipia kila kitu na mzazi anaambiwa achangie. Wafadhili wakatangaza nafasi za masomo Uingereza kwa viongozi wa elimu, mwaka mzima wa kusomea sera. Veridiana alikuwa mwalimu mkuu, na nafasi ile aliitamani mpaka akawa hapati usingizi. Katika maombi yake alieleza kwamba madarasa mapya ya shule yake yamejengwa na wananchi kwa hiari yao. Wafadhili wakajibu kwamba wanakuja kuyaona. Kumbe kuta zilikuwa bado hazijapigwa lipu. Saruji ipo, mchanga upo, maji hakuna.

Aliwaomba wanakijiji, wakamwambia asubiri mvua. Mvua ingekuja wageni wameshaondoka. Ndipo alipochukua mgambo, kiongozi wao Yeremia, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma, na ili asionekane anapendelea akaamua kuanzia kwa mama yake mzazi. Hapo alijiona mwenye haki kabisa. Mimi watu wanaojiona wana haki kiasi hicho nawaogopa kuliko wezi.

"Dada, haya ni maji ya mama ya kunywa," Danieli alimwambia, mikono kifuani.

Veridiana aliiona Uingereza inamponyoka. Akanyanyua fimbo yake ya darasani akamchapa begani kama anayemchapa mtoto wa darasa la tatu. Danieli hakutikisika. Lakini mgambo walikuwa wameshaona mkubwa amefungua njia, wakamvamia. Rungu moja likampata jichoni. Akaanguka kifudifudi juu ya chuma, wakamburuta kwa miguu, wakavunja kufuli kwa nyundo, na ndoo zikaanza kupita pembeni yake huku akigaagaa na damu inamtoka katikati ya vidole. Mama yao, Bibi Dorika, alitoka jikoni na mchi akamwangusha mgambo mmoja, naye akasukumwa akajigonga ukutani. Veridiana aliyaona yote na hakusema acheni. Lipu ilipigwa siku hiyohiyo, na kwa kweli ilipendeza.

Mkubwa wa wale wageni aliitwa Edmund, mzee mrefu, mpole, mwenye kofia ya jua. Mbele ya mkutano wa kijiji alimwona Danieli na kitambaa jichoni, akauliza amepatwa na nini. Veridiana ndiye aliyekuwa mkalimani, na alilitafsiri swali lile.

"Bati," alisema Danieli. "Lilinipiga wakati wa kuezeka."

Edmund akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Akaomba wapige picha.

Huko Uingereza Veridiana alisoma, na tusimnyime haki yake, alisoma vizuri. Ila kila mhadhiri alipotaka mfano wa wananchi wanaojitolea, picha ya Danieli ilimulikwa ukutani, kubwa kuliko mlango: kitambaa jichoni, lipu mpya nyuma yake. Darasa zima, wakuu wa elimu kutoka kila pembe ya dunia, lilimgeukia dada mtu na kumpigia makofi. Alikuwa akienda chooni kulia, ananawa uso, anarudi kuandika. Aibu alikuwa nayo, lakini na shahada aliitaka.

Siku ya kurudi, bosi wake wa elimu wilayani alikuja na gari kumpokea Masasi. Huyu ni Humphrey, mtu wa Kilimanjaro, sauti yake ingefaa redioni. Njia nzima ya kupanda Newala alimmwagia sifa. Wafadhili wameipenda tasnifu yake, sasa inatekelezwa kata kwa kata, na mradi umepewa jina la Hiari ya Wananchi. Mkuu wa mradi atakuwa yeye Veridiana, ilimuradi ziara ya Edmund wiki ile ipite salama. Veridiana alicheka kwa furaha mpaka walipofika Makote.

Makote hiari ilikuwa imepamba moto. Mwanamume mmoja alikuwa amefungwa kamba kwenye mkorosho wake, mgambo wanamchapa kwa zamu, mgongo umechanika vipande. Kosa lake alitia mafuta ya taa kisimani mwake, kuliko maji yake yachukuliwe. Mkewe alikuwa amekaa chini ameushika mkono wake mmoja uliovunjika, halii tena. Yeremia, sasa ana buti na bereti, alikimbilia kwenye dirisha la gari akaamkia kwa heshima zote, akasema wanafuata mtindo uleule wa Mwalimu Veridiana.

Veridiana alimwambia Humphrey awasimamishe. Humphrey hakukasirika. Alitoa ile tasnifu kwenye mkoba, akamsomea aya nzima kuhusu wananchi wanaotoa walicho nacho wakipata uongozi thabiti, kisha akamuuliza, kwa sauti yake ile nzuri, kama aliyeandika ni mtu mwingine. Gari likaondoka, na sauti ya fimbo ikawafuata mpaka kwenye kona.

Jioni alimkuta Danieli uani anamenya mihogo, kichwa amekiinamisha upande kama afanyavyo mwenye jicho moja. Veridiana alipiga magoti mavumbini na viatu vyake vya Ulaya. Akamsihi amweleze Edmund ukweli, maana Edmund angemwamini yeye kuliko mtu yeyote.

Danieli aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha mkononi.

"Nilisema bati kwa kuwa mama aliniomba," alisema. "Alisema mtoto mmoja ameshaharibika, huyu mwingine aende. Ukaenda. Jicho nimetoa mimi, dada. Na ukweli nao niutoe mimi?"

Kisha akamweleza kwamba Yeremia amepeleka habari: kesho mgambo wanakuja tena kuchukua maji ya kujengea nyumba ya walimu shuleni, na wataanzia kisima kilekile.

Asubuhi mgambo walimkuta Veridiana amesimama juu ya mfuniko, kanga kiunoni, peku. Yeremia alisita. Aliwatazama wenzake, akamtazama mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Rudi nyumbani."

"Shuka, Mwalimu. Wewe ndiye uliyesema tusibague nyumba."

Hakushuka. Yeremia akapiga, begani, palepale alipopigwa Danieli. Veridiana akalidaka rungu akamng'ata mkono mpaka akasikia jino lake linagusa mfupa, na mgambo wa nyuma akamtwanga shavuni. Meno mawili yakadondoka juu ya chuma yakalia kama kokoto. Alipiga goti, akakumbatia kufuli kwa tumbo, nao wakaendelea kumshushia mgongoni. Hapo Danieli akaja na jembe. Alilishusha mara moja tu, na paja la Yeremia likafunguka. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka bondeni waliyamwaga maji yao, maji ya saa nzima ya kupanda, wakaingia na ndoo tupu wakiwapiga mgambo vichwani mpaka mmoja akakimbia akiwa na ndoo shingoni. Ingekuwa siku nyingine tungecheka.

Yeremia alibaki chini anamwita mama yake. Veridiana, damu ikimchuruzika kidevuni, alivua kanga akamfunga paja kwa nguvu ili asiishiwe damu. Alikuwa mwanafunzi wake. Mguu ule haukurudi kuwa mguu tena.

Edmund alifika kesho yake. Kabla ya mkutano Humphrey alimvuta Veridiana pembeni akamwambia neno moja litatosha, bati, na cheo ni chake, tena kesi ya jembe la Danieli itafia polisi. Akikosea neno, Danieli atalala ndani leo. Veridiana alimtafuta mdogo wake kwa macho. Danieli alikuwa amekaa benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwao, ameshayasikia yote. Akamwitikia kwa kichwa, taratibu.

Mkutano ulipoanza Edmund alikuwa ameshamshika Danieli mkono kwa mikono miwili kama zamani. Alipouona uso wa Veridiana alishtuka, akauliza nini kimempata. Humphrey alianza kucheka, akasema hizi kazi za ujenzi zina ajali zake. Veridiana akasimama. Alijibu kwa Kiingereza kile alichokwenda kukisomea, kisha akarudia kwa Kiswahili, mdomo umevimba, ili kijiji kisikie.

"Ni fimbo," alisema. "Na jicho la mdogo wangu ni fimbo. Ya kwanza nilipiga mimi."

Edmund akauachia mkono wa Danieli. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.