Leseni Moja kwa Seva Mbili

Faili ya mwisho katika seva ya Bogura ilikuwa ya miezi minne nyuma. Nilishuka hadi mwisho wa orodha, nikapanda, nikashuka tena. Nyuma yangu Porimol, mlinzi wa ofisi yetu ndogo ya mji huo, alikuwa akinimiminia chai.

"Zipo zote, kaka?"

"Zipo," nikamwambia.

Saa hiyo ofisi yetu kuu ya Sirajganj ilikuwa ndani ya maji hadi kwenye swichi za ukutani, na seva yake imezama. Hakuna aliyelia. Kila mtu alijua kwamba tuna nakala Bogura, ndani kabisa ya nchi kavu, na kwamba ni mimi niliyeziunganisha seva hizo mbili: karatasi tuliyopiga picha kwetu ilitakiwa iwe imefika kule kabla chai haijapoa.

Karatasi zenyewe zilikuwa hati za mashamba yaliyozama. Mto Jamuna hula shamba la mtu leo, na miaka kadhaa baadaye pengine huliibua likiwa mchanga mweupe. Mwenye hati hurudi kulima. Asiye na hati humpisha mwenye marungu.

Programu ya kunakili faili tulikuwa na leseni yake moja tu. Nilimuuliza mkurugenzi wetu, Dada Mahmuda, kama hatuhitaji ya pili.

"Kwani wa Bogura wanakula chungu kingine?" akanijibu. Kwetu wanaokula chungu kimoja huhesabiwa nyumba moja, hata wawe ishirini. "Ofisi ni moja, Tozammel. Bonyeza, tuendelee na kazi."

Masharti yalikuwa kurasa kumi na moja. Nilikubali bila kusoma hata mstari. Simlaumu yeye, kusoma ilikuwa kazi yangu. Namba ya leseni nikaiandika kwenye seva zote mbili, nikajiona hodari. Masharti yalisema wazi kwamba leseni ni ya mashine moja, na ya pili huvumiliwa siku thelathini. Siku ya thelathini na moja Bogura ikafungiwa nje. Seva yetu iliendelea kuonyesha alama ya kijani, na alama ile ilimaanisha tu kwamba yenyewe ni halali. Sikwenda kukagua hata mara moja. Ni safari ya basi, mtu anaondoka asubuhi na kurudi kabla ya alasiri.

Bi Jomila alikuja wiki mbili baada ya siku hiyo. Hati yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kitambaa, na kitambaa kimefundikwa kwenye ncha ya sari yake ya ujane. Alisimama kuitazama mashine ikiimulika.

"Sasa imo humu?"

"Imo humu, na Bogura imo pia, mama."

"Haya, mto na uje na shemeji zake wote!" Tulicheka, mimi kuliko yeye.

Mafuriko yalimchukulia nyumba, na hati ikaenda na nyumba. Maji yalipopungua alirudi ofisini, miguu ina matope hadi magotini. Shamba la marehemu mumewe lilikuwa limeibuka. Watu wa Kalu Matabbar, mkubwa wa kijiji, walikuwa wameshachomeka mianzi yenye bendera nyekundu kulidai.

"Nipe ile picha, mwanangu. Kesho kutwa afisa ardhi anakuja kupima."

Nilikuwa peke yangu mezani. "Mto umeichukua, mama."

"Na ya Bogura?"

"Hiyo nayo."

Alinitazama. Alikuwa ameishi na mto ule miaka sitini, na aliujua unapoishia. Mimi niliinamisha macho.

"Hati yangu uliiona kwa macho yako," akasema. "Basi njoo umwambie afisa hivyo tu, kwamba uliiona. Hilo halihitaji mashine."

"Nitakuja, mama."

Sikwenda. Niliogopa afisa angeuliza nakala iko wapi, na Dada Mahmuda angesikia jibu. Kalu Matabbar akapewa shamba. Bi Jomila akajenga kibanda cha mabati juu ya tuta la mto, pamoja na wengine wasio na pa kwenda.

Njia yangu ya kazini hupita pale. Hunisalimia yeye kwanza, huniuliza habari za watoto, nami humjibu wazima. Hajawahi kuniuliza lingine.