Shingo Inaumwa, Miguu Inapakwa

Kwenye kizuizi cha barabara ya Wamaza kila abiria hushuka. Waridi alishuka kwenye pikipiki mkono ukiwa kiunoni, pale alipoificha tyubu ya dawa ndani ya kitenge. Hakuwa mtu wa kuamini watu. Hata Victorine, muuguzi wa Kasongo, hakumwamini siku ya kwanza. Alimpelekea tezi iliyovimba shingoni na ngozi ya miguu ngumu kama ganda la chungwa, akapewa vidonge vya shingo, na kwa miguu mafuta yaleyale ambayo mabibi wa mjini hujichubulia uso. Akaona anachezewa. Victorine alimweleza mara tatu: ugonjwa ni mmoja, tezi ikiharibika hata ngozi ya miguu huumia, apake kidogo, kwenye miundi tu, afunge na plastiki. Mwezi wa pili ngozi ikaanza kulainika, naye akarudi kuomba nyingine.

Hii ilikuwa tyubu ya pili.

“Unaficha nini mu kiuno, mama?” ajenti wa kizuizi akauliza.

“Dawa ya miguu.”

Ajenti akaichukua tyubu, akaigeuzageuza. “Hii iko mafuta ya kujichubua. Imekatazwa.”

Waridi akatoa karatasi ya Victorine yenye muhuri. Ajenti akaisoma polepole, kisha akajishika koo. “Hapa wanaandika tiroide. Tiroide iko huku. Mutu anaumwa shingo, anapakaa miguu? Unaniona mujinga?”

Hasira ilimpanda Waridi, na aibu pia, maana maneno hayo aliwahi kuyasema mwenyewe. Hata shemeji zake hawajapata kuona miguu yake. Akainua kitenge mpaka magotini mbele ya wanaume wote.

“Angalia basi. Angalia muzuri.”

Ajenti akaruka nyuma, akaitupa tyubu chini. “Chukua vitu yako! Pita!”

Lakini Héritier, dereva wa pikipiki, alikuwa tayari anafuta kiti kwa kitambaa.

“Unisamehe, mama. Ile ngozi inaambukiza.”

“Haiambukize. Tangu asubuhi nimekaa mugongoni mwako.”

“Ile ndiyo naogopa.”

Akawasha pikipiki, akaondoka. Mpaka Wamaza ulikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, kwa miguu ile. Waridi akaiokota tyubu, akaketi palepale, chini ya kamba ya kizuizi, akapaka muundi wa kulia, kidogo tu, akaufunga plastiki.

“Toka mu njia, mama!” ajenti akapiga kelele, akiwa mbali.

“Kuja unitoe,” Waridi akasema, akanyoosha mguu wa pili.